Tetea Asiyetaga

Banda la Zuena lilikuwa limekwisha, isipokuwa mlango. Na mlango huo ndio uliokuwa ukimtesa, maana ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa haonekani.

Lilikuwa banda zuri, jamani. Mtu asiyejua lilivyojengwa angedhani limekula mali, kumbe halikuwa na kitu kipya hata kimoja. Kuta zilikuwa za mbao za masanduku ya sabuni na majani ya chai, maandishi ya Kizungu bado yamo, mengine yamesimama kichwa chini miguu juu. Paa lilikuwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa yakanyooshwa kwa nyundo. Dirisha lilikuwa kipande cha wavu uliochoka kuvua. Vyote hivyo fundi Nassibu alivileta kidogo kidogo kwenye baiskeli yake, kila jioni alipotoka kazini Kariakoo, kwa Bwana Husseinali muuza mbao, ambaye masanduku yaliyovunjika hakuyahesabu kuwa mali.

Siku ya kwanza kabisa alipokuja kupima, Nassibu hakuuliza banda liwe kubwa kiasi gani. Aliuliza, "Jirani zako wanalalamikia nini?"

"Bora ungeuliza hawalalamikii nini," Zuena alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Basi banda lile lilijengwa kwa malalamiko ya watu. Harufu? Chini palimwagwa majivu, na samadi ikapangiwa kwenda kwa Tekla, jirani wa upande wa kulia, mke wa Romani wa Mahenge, aliyekuwa na bustani yake ya mchicha. Kelele za mlango? Nassibu alikata bawaba kutoka kwenye mpira wa gari uliokufa, zisilie. Na jogoo, mwenye makosa kuliko wote, alitengenezewa chumba chake chenye dari ya chini. "Jogoo hawezi kuwika mpaka anyooshe shingo," Nassibu alieleza. "Akikuta dari, atanyamaza mpaka umfungulie." Zuena alikuwa amemshikia misumari kiganjani. Kopo la misumari lilikuwapo pale pale miguuni pa fundi, lakini fundi alikuwa akiichukua mmoja mmoja kiganjani mwa Zuena, polepole, na hakuna kati yao aliyelitaja lile kopo.

Hilo ndilo lililokuwa penzi lao lote. Hawakuwahi kuambiana neno. Zuena alikuwa na miaka thelathini hivi, amerudi kuishi na kaka yake Mfaume katika nyumba ya marehemu baba yao hapa Temeke, baada ya mumewe kumpa talaka. Sababu ya talaka mtaa mzima uliijua: hakuzaa. Mwanamke wa namna hiyo hujifunza kutotarajia kitu, na Zuena alikuwa amejifunza vizuri mpaka misumari ile ikaja kumvuruga. Sasa alikuwa akitarajia. Alikuwa akisikia kengele ya baiskeli barabarani, moyo unamruka, anajifuta unga mikononi, kisha baiskeli inapita.

Tangu Ijumaa moja Nassibu hakutokea tena. Msumeno wake ulibaki umening'inia kwenye msumari uani, mbao za mlango zimeegemezwa ukutani, na kuku wakawa wanatoka alfajiri wanavyotaka wao.

"Zuena! Zuena we!"

Huyo alikuwa Bi Mwanamvua, jirani wa upande wa kushoto, kichwa chake kimechomoza juu ya ua wa makuti.

"Abee, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Kuku wako wamekula makopa yangu tena. Nimeanika mkekani, nikageuka kuchukua maji, narudi wamo katikati kama walioalikwa!"

"Nisamehe, shangazi. Nakuletea mayai sasa hivi."

"Mayai nimekula mpaka yananitoka puani. Na huyo jogoo wako leo kapanda juu ya jiko langu, kaniwikia kabla ya mwadhini. Mie niliambiwa banda linajengwa. Banda gani hili lisilo na mlango?"

"Fundi hajaja, shangazi."

"Kwani kaenda wapi?"

Hilo ndilo swali Zuena alilokuwa akijiuliza akiwa anapika, akiwa anafua, na akiwa amelala macho wazi. "Sijui," alisema.

Tekla naye alipokuja kuchukua samadi yake alimtazama Zuena kwa jicho la pembeni. "Fundi wako anaumwa, dada?"

"Si wangu."

"Haya, si wako. Lakini anaumwa?"

"Tekla, chukua samadi uende zako," Zuena alisema, akajifanya kucheka. Tekla alipoondoka alikaa juu ya debe pale uani, akautazama ule msumeno. Mtu anayemaliza kazi huchukua vyombo vyake. Mtu anayeacha vyombo atarudi. Alikuwa amejiambia hivyo mara nyingi mpaka maneno yenyewe yalikuwa yamechuja.

Alasiri hiyo hiyo ikaja hodi.

"Karibu," Zuena aliitikia kutoka uani, bila kuinua kichwa, akidhani ni mteja wa mayai.

Hakuwa mteja. Nassibu alisimama penye mlango wa uani, hana baiskeli, hana mzigo wa mbao. Alikuwa amekonda kidogo. Kwapani alikuwa amemkumbatia kuku mweupe aliyefungwa miguu kwa kitambaa chekundu, na Zuena alikitambua kitambaa kile kabla hajamtambua kuku. Kilikuwa kipande cha kanga yake iliyochanika.

"Fundi! Tulidhani umetuhama."

"Nimekuja kumalizia mlango," Nassibu alisema. Hakutabasamu. "Na kurudisha kitu chenu."

"Lo, huyo si yule kuku wetu? Umempata wapi? Kaka Mfaume aliwapa wazee fulani Ijumaa ile."

"Wazee fulani." Nassibu aliyarudia maneno hayo polepole. "Mmoja ni mjomba wangu, aliyenilea. Wa pili ni sahibu wa marehemu baba yangu."

"Jamani! Mbona hawakujitambulisha? Tungewachagulia mwingine, mzuri. Huyo hata hatagi."

"Anataga. Mama alitaka kumchinja siku ile ile, mie nikakataa. Juzi nikakuta yai chini ya kitanda." Alimweka kuku chini, akamfungua miguu. Kuku alijikung'uta, akaenda zake kama aliyekuwa safari fupi. Nassibu akabaki ameinama, kile kitambaa kimo mkononi. "Zuena, wazee wale hawakuja kutafuta kuku."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, bila ya Bi mbele yake.

"Walikuja kutafuta nini?"

"Wewe ulikuwa ndani. Mjomba alisemaje pale barazani? Jaribu kukumbuka."

Zuena alikumbuka, na kukumbuka kulikuja taratibu. Ilikuwa baada ya swala ya Ijumaa, saa ambayo kila mwanamume wa Temeke huwa ndani ya kanzu, kwa hiyo wazee wawili waliovaa kanzu hawakumshangaza mtu. Wateja wa kuku huja sana siku hiyo. Yeye alikuwa chumba cha nyuma anachekecha unga, na sauti za barazani zilikuwa zinamfikia vizuri.

Mzee mmoja alisema, "Tumesikia nyumba hii ina tetea. Sie kwetu tuna jogoo, banda analo, mwenzake hana. Tumekuja kumwomba huyo tetea."

Mfaume akajibu kwa bashasha, "Tetea wapo wengi, wazee wangu. Mnamtaka yupi?"

Mzee akasita, akakohoa. "Tunayemtaka tumeambiwa hatagi. Hilo sie halitusumbui. Jogoo wetu kamtaka vivyo hivyo."

Na Mfaume, ambaye hana baya na mtu, akaangua kicheko. "Asiyetaga? Huyo mchukueni bure, wazee wangu! Mtakuwa mmetupunguzia mzigo. Kazi yake kula tu!" Kisha akapaza sauti, "Zuena, unasikia? Kumbe kuna wanaomtaka asiyetaga!"

Na yeye Zuena, chekeche mkononi, alicheka. Alicheka kwa sauti, akajibu, "Mpe, kaka, mpe! Wakija kumlalamikia, shauri yao!"

Sasa ilikuwa kama chekeche lile linamponyoka, ingawa mikononi hakuwa na kitu.

"Mungu wangu," alisema.

"Kaka yako alimfunga kuku miguu akamweka magotini pa mjomba," Nassibu aliendelea. Alikuwa ameokota ubao wa mlango na kuanza kuukata, maana kichwa cha Bi Mwanamvua kilikuwa kimechomoza tena juu ya ua, na mwanamume anayesimama tu na mwanamke uani ana maelezo ya kutoa. Alisema huku anakata, kwa sauti ya chini. "Mjomba alifika nyumbani anatetemeka. Miaka sitini, hajawahi kutukanwa namna ile. Akaniambia, wamekutukana wewe, wamenitukana mie, na wamemtukana hata huyo mwanamke wao, naye mwenyewe alikuwa ndani anacheka."

"Nassibu, sikujua. Wallahi sikujua."

"Hata mie nilikuwa nikijiambia hivyo. Halafu nikawa najiuliza, ataachaje kujua? Watu wawili wazima, kanzu na kofia, wanasema jogoo hana mwenzake. Mtoto mdogo angeelewa kwamba ni posa."

"Kwa msichana, ndiyo. Angekuwako msichana humu ndani, kaka angeelewa, nami ningeelewa." Alitafuta namna nyingine ya kulisema, hakuipata. "Humu ndani kuna mie. Nani angedhani kuna watu watakuja na kanzu zao kuniposa mie? Hata mie sikudhani. Nilisikia asiyetaga, nikafikiri kuku."

Msumeno ulisimama. Nassibu alimtazama, na ilikuwa namna ile ile ya siku za misumari, ila sasa macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Mama alikuwa hataki," alisema. "Tangu mwanzo. Alisema utamwoa mwanamke aliyeachwa kwa kutozaa, uniachie mie nyumba isiyo na mtoto? Nilibishana naye mwezi mzima. Mjomba ndiye aliyenihurumia, akasema atakwenda yeye mwenyewe. Nilimwambia akikaribishwa aseme wazi kwamba jambo hilo halinisumbui, wasije wakafikiri hatujui. Yale maneno ya kutotaga nilimtuma mie, Zuena. Nilidhani nakupa heshima."

Zuena alifunika uso kwa ncha ya kanga. Miaka yote tangu arudi, watu walikuwa wamemwonea huruma, wamemsema, wamemshauri waganga. Hakuna aliyewahi kutuma mzee mwenye heshima zake aje kusema kwamba anatakiwa vivyo hivyo alivyo. Na siku alipotumwa mmoja, yeye alimcheka.

"Nitamwambia kaka aende kwa mjomba wako kesho," alisema. "Akamwombe radhi. Nitakwenda mwenyewe nikapige magoti. Atacheka, Nassibu. Akielewa atacheka."

Nassibu alichukua ubao mwingine, akaupima kwa shibiri, akaupima tena ingawa kipimo kilikuwa kile kile.

"Nini?" Zuena aliuliza.

"Mjomba hakurudi nyumbani moja kwa moja siku ile. Hasira zilimpeleka Kinondoni kwa watu anaojuana nao. Wana binti, Hamisa. Kaniposea pale pale, wamekubali. Mie nimeambiwa mambo yamekwisha. Mama kapeleka kishika uchumba Jumatatu."

Upande wa pili wa ua Bi Mwanamvua alikuwa anafukuza kuku kwa sauti ya chini, asipitwe na neno. Zuena aliinuka kwenye debe, akaenda kuegemea ukuta wa banda. Mbao zilikuwa na joto la jua.

"Nawe ukasema nini?"

"Nilikaa kimya. Nilikuwa nimeambiwa umecheka." Aliweka ubao chini. "Lakini sasa najua. Sema neno, Zuena. Neno moja tu, na leo hii nakwenda kwa mjomba nalivunja. Mama atalia, atanyamaza. Mjomba atanifukuza, atanirudisha. Nitakuja hapa na mzee yeyote, hata Romani jirani yako nitamvika kanzu nije naye."

Zuena alitaka kucheka kwa hilo la Romani na kanzu, na alitaka kusema lile neno. Lilikuwa limefika ulimini. Badala yake aliuliza, "Ameshaambiwa?"

"Nani?"

"Hamisa. Binti wa watu ameshaambiwa?"

Nassibu alitazama chini. "Ameshaambiwa."

"Amepokeaje?"

"Zuena, mie nakuuliza wewe."

"Nami nakuuliza wewe. Amepokeaje?"

"Mama anasema amefurahi," Nassibu alijibu kwa shida. "Anasema yuko chumbani na wenzake wanacheka mchana kutwa. Mamake ameshawatangazia majirani."

Zuena alikijua chumba hicho. Aliwahi kukaa ndani yake, zamani, akacheka na wenzake mchana kutwa. Na alikijua pia kile kinachokuja baada yake, siku mtu anapotokea kwa miguu yake mwenyewe kusema kwamba imekuwa basi. Majirani waliotangaziwa wanabaki pale pale. Wanakusalimu vizuri, halafu wanainamiana. Utakwenda kisimani, wananyamaza. Hutafanya kosa lolote, na utatembea kama mwenye kosa mpaka uzeeke. Angeweza kumtakia mwanamke mwingine yote hayo, ili yeye apate? Moyo wake ulisema ndiyo. Ulisema ndiyo waziwazi, bila haya, na hilo lilimtisha.

"Nijibu basi," Nassibu alisema. "Kama ungeelewa siku ile. Kama kaka yako angeelewa, akaja chumbani akakuuliza. Ungewajibu nini wazee wangu?"

Kuku mweupe alikuwa amerudi, anaparuaparua miguuni pao. Zuena alimtazama huyo kuku, kwa sababu uso wa Nassibu hakuuweza.

"Ningewapa kuku yule yule," alisema.

"Hata baada ya kuelewa?"

"Hata baada ya kuelewa."

"Na kucheka?"

"Ningecheka," Zuena alisema, na sauti yake ilikuwa thabiti mpaka yeye mwenyewe aliishangaa.

Nassibu aliinama, akaendelea na kazi. Zuena hakwenda kumshikia misumari. Aliitoa fundi mwenyewe koponi, mmoja baada ya mwingine, na kila mkono wake ulipogusa kopo lile, bati lililia. Mlango ukakaa mahali pake. Aliufungua na kuufunga. Bawaba za mpira hazikutoa hata mlio. Akaingiza kuku, akamtia jogoo kwenye chumba chake cha dari ya chini, akauangushia mlango komeo la mti.

"Majirani hawatalalamika tena," alisema.

"Ahsante, fundi."

"Kaka yako nimemsamehe. Asiambiwe. Itamuumiza bure."

"Haya."

Alichukua msumeno wake msumarini na nyundo yake chini. Kile kitambaa chekundu Zuena alikitafuta baadaye pale uani, juu ya debe, chini ya maranda, hakukiona. Penye mlango wa uani Nassibu aligeuka, midomo ikafunguka kama anayetaka kuuliza tena. Zuena alikuwa ameshika ufagio, anafagia maranda kwa nguvu, amempa mgongo. Akasikia hatua zikienda, na baada ya hapo akaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Asubuhi yake jua lilitoka Temeke bila kutangazwa. Jogoo alikuwa kimya chini ya dari yake. Makopa ya Bi Mwanamvua yalilala mkekani salama, mchicha wa Tekla haukuguswa. Zuena alifungua mlango wa banda mikono ikiwa mizito, na kwenye majani makavu akakuta yai moja, bado lina joto, na kuku mweupe kakaa kando yake. Alilichukua, akaenda nalo kwenye ua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu, marahaba!" Bi Mwanamvua alikuwa na uso mkunjufu, kama aliyepumzika mwaka mzima. "Leo nimelala, Zuena! Nimelala mpaka jua limeingia dirishani. Sikusikia jogoo, sikusikia mlango, sikusikia kitu. Fundi yule kazi yake anaijua, Mungu ambariki. Mwambie akija tena aje na kwangu."

"Nitamwambia."

"Nawe je? Umeamkaje?"

Zuena alikuwa amewasikia waadhini wa misikiti yote, ya karibu na ya mbali, mmoja baada ya mwingine. Alinyoosha mkono juu ya makuti, akampa yai.

"Salama, shangazi," alisema. "Nimelala vizuri sana."